Maswali tunayoulizwa kila mara kuhusu kutengeneza mfululizo wa sauti wa masuluhisho ya asili

Tangu tuanze kurekodi vipindi vya sauti kuhusu mikoko, mito na misitu ya huku kwetu, meseji zinakuja kila wiki na maswali mengi yanafanana, kwa hiyo tumeyakusanya hapa. Sisi ni watu watatu tunaoishi Dar, mmoja Mbagala, mmoja Tegeta, mmoja Kigamboni, na tulichoandika hapa ni kile tulichokifanya wenyewe mara nyingi. Pale jibu limeshaelezwa kwingine tutakuelekeza, hatutarudia.

## Kuanza

Mnaposema "suluhisho la asili" mnamaanisha nini hasa?

Yani kuna tatizo linalowagusa watu, mafuriko, ukame, joto, pwani kuliwa na bahari, halafu linapunguzwa kwa kutunza au kurudisha kitu cha asili chenyewe: mikoko, msitu, bonde la mto, nyasi, mwamba wa baharini. Machi 2022 Baraza la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilikutana Nairobi na nchi zikakubaliana maana moja, na ukiisoma unaona inabeba vitu viwili kwa pamoja, lazima mtu anufaike na lazima viumbe hai vinufaike. Kimoja kikikosekana umetoka nje ya mada. Mtu akipanda mikaratusi eka hamsini auze nguzo, hiyo ni biashara halali kabisa ila sio kipindi chetu.

Mfano wa hapa mjini: pale Barack Obama Drive kuna ukuta wa bahari uliojengwa kuzuia mawimbi. Huo ni zege. Sasa nenda upande wa Kunduchi au Mbweni kwenye mikoko uangalie mizizi inavyovunja nguvu ya wimbi na kushika tope, na humo humo kamba na samaki wadogo wanakulia. Kazi inayofanana, njia mbili. Kuna sehemu zege halikwepeki na tunalisema hilo kwenye vipindi bila kuficha.

Mbona sauti na sio video? Watu siku hizi wanaangalia, hawasikilizi.

Wanasikiliza sana. Dereva wa daladala anasikiliza, fundi cherehani anasikiliza, mama anayekaanga samaki pale Feri anasikiliza na mikono yake iko kazini. Video inataka macho na inakula bando.

Sababu nyingine tumeigundua kazini: ukitoa kamera mtu anabadilika, anakaa sawa, anaanza kuongea kama yuko kwenye mkutano. Maiki ndogo anaisahau baada ya dakika kumi. Halafu kuna vitu vinasikika kuliko vinavyoonekana. Maji yakipwa mikokoni tope linatoa sauti, vipovu vinapasuka na kamba wadogo wanabofya bofya chini huko kama mafuta yanayochemka kwenye kikaango. Tulipowasikilizisha sauti ile watu wa Kariakoo waliozaliwa hapa hapa mjini wakauliza ni nini hicho.

Lazima niwe mwandishi wa habari au nimesomea mazingira?

Hapana. Ila lazima uwe tayari kusoma, kuuliza mara mbili, na kukubali kusahihishwa. Mmoja wetu alikuwa anauza vifaa vya simu.

Nianze na nini kama sina hela?

Simu uliyonayo, hedifoni za waya, daftari, na nauli. Maiki inakuja baadaye (angalia sehemu ya kurekodi). Gharama kubwa ya kazi hii ni kurudi. Utaenda sehemu moja mara tatu, mara nne, kwa hiyo chagua mada ya kwanza ambayo unafika kwa daladala.

## Kutafuta hadithi

Dar ni mji wa zege, hadithi za asili nazipata wapi?

Ndugu yangu, Dar imejaa. Anza na mto Msimbazi. Unaanzia milima ya Pugu huko Kisarawe, unashuka unapita katikati ya mji, unafika Jangwani, unaingia baharini kwenye mikoko pale Daraja la Selander. Desemba 2011 mafuriko yaliua watu hapa mjini na baadhi ya waliokuwa mabondeni wakahamishiwa Mabwepande. Ukitaka kuelewa kwa nini bonde linahitaji nafasi ya kupumua, yani sehemu ya maji kutanuka bila kukuta nyumba, mwende mto mzima kuanzia juu. Hivyo ni vipindi vitatu au vinne tayari.

Halafu kuna msitu wa Pugu-Kazimzumbwi, msitu wa pwani wa zamani sana, na mkaa unaoutishia unapikiwa kwenye majiko yetu sisi. Kuna mikoko ya Kunduchi, Mbweni, Mtoni Kijichi, Kigamboni. Kuna watu wanalima mchicha pembeni ya mito wanaojua tabia ya maji kuliko ramani yoyote.

Na kuna hadithi ya bomba lako la maji. Sehemu kubwa ya maji ya Dar yanatoka mto Ruvu, kwenye mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini, na Ruvu chanzo chake ni milima ya Uluguru. Oktoba na Novemba 2022 mto ulipungua na mji ukaingia kwenye mgao, watu walinunua maji kwa dumu na wengi hawakuwahi kuwaza kwamba ndoo ile inahusiana na mkulima aliyeko mlimani Morogoro. Kipindi kinachomuunganisha mkulima yule na mama wa Manzese mwenye foleni ya ndoo, mi naona ni kipindi muhimu kuliko vyote unavyoweza kufanya ukiwa hapa.

Nikitaka kutoka nje ya Dar, mnapendekeza wapi?

Tunakutajia ambazo ni imara na zina sauti ndani yake.

Shinyanga kuna ngitili, utaratibu wa Wasukuma wa kutenga eneo la malisho lipumzike msimu wa mvua ili ng'ombe wale wakati wa kiangazi. Ulikuwa umefifia, miti ilikatwa sana, sehemu nyingine kwa sababu ya kupambana na mbung'o na kupanua mashamba ya pamba. Mwaka 1986 serikali ikaanzisha Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, na kazi ile ikaenda mpaka 2004, na ngitili zilizorudishwa zikafika zaidi ya hekta 300,000. Kitu cha kuangalia pale ni kwamba hawakuleta kitu kigeni, walirudisha cha wenyewe.

Dodoma kuna kisiki hai. Mti uliokatwa mizizi yake bado inaishi chini, unachagua machipukizi machache yenye nguvu, unapogolea mengine, unafunga kitambaa kama alama ili watu wasikate, unalinda. Hununui mche hata mmoja. Kwa sauti ni kizuri sana kwa sababu unasikia kisu kinapita kwenye chipukizi.

Mbinga kuna ngoro za Wamatengo, mashimo yaliyopangwa kwenye mteremko mkali na matuta yakiyazunguka, chini ya tuta wamelaza majani, maji ya mvua yanaingia shimoni badala ya kubeba udongo. Kilimanjaro kuna vihamba, migomba na kahawa chini ya miti mirefu. Kisiwa Panza huko Pemba wavuvi wamefunga sehemu ya mwamba kwa miezi kadhaa ili pweza wakue, na pweza anakua haraka kwa hiyo faida inaonekana mapema, siku ya kufungua ni kelele na shangwe, usikose maiki.

Na ukivuka mpaka, kule Gazi, kaunti ya Kwale, kuna Mikoko Pamoja. Tangu 2013 jamii inatunza mikoko, inauza hewa ya ukaa, yani inalipwa kwa ile kaboni ambayo mikoko inaivuta hewani na kuitunza, na hela imeingia kwenye maji na shule za kijiji.

Nitajuaje kama suluhisho linafanya kazi kweli au ni la kupigia picha?

Hili ndio swali letu kubwa kwa hiyo vumilia, jibu ni refu.

Siku ya kupanda miti sio hadithi. Kuna tisheti mpya, kuna spika, kuna mgeni rasmi, kuna miche elfu kadhaa, na kila mtu ana furaha ya kweli. Ila siku ile hakuna kilichotokea bado. Sisi tumejiwekea sheria kwamba hatutoi kipindi chochote cha kupanda mpaka tumerudi baada ya masika mbili. Ukienda siku ya kupanda, rekodi, weka akiba, kaa kimya.

Tulijifunza hivi. Mwaka fulani tulirekodi vijana wakipanda mikoko sehemu moja ya pwani yetu hapa, tukatoa kipindi wiki ile ile, watu wakakipenda. Baada ya miezi kumi na tano tukarudi kwa jambo lingine kabisa. Mzee mmoja mvuvi akatushika mkono akatupeleka mpaka pale, maji yamekupwa, tope linafika magotini na lile harufu lake la yai bovu. Akainama akang'oa kijiti kimoja. Kilikuwa kikavu, chepesi, na shina lote limeshikwa na vidude vigumu vyeupe vya baharini mpaka juu kabisa. Akaniwekea mkononi. Akasema, "Mwanangu, hapa pana maji muda mrefu mno, mkoko wenyewe ungetaka kukaa hapa ungeshakaa, sisi tuliwaambia." Tukauliza mlimwambia nani. Akasema walikuja na tarehe, yani siku ya kupanda walishaipanga.

Alikuwa sahihi na wataalamu wa mikoko wanasema hicho hicho. Kila mkoko una mahali pake kulingana na maji yanavyojaa na kukaa. Aina inayoitwa mlilana inakaa mbele kabisa kwenye bahari, ile inayoitwa mkoko hasa na mkandaa zina sehemu zao, mchu unavumilia chumvi kali huko nyuma. Ukipanda aina moja kwenye tope tupu la mbele kwa sababu ndipo penye nafasi, inakufa. Mara nyingi ukirudisha njia ya maji na ukazuia ukataji, mbegu zinakuja zenyewe na zinaota bila mtu kuzipanda.

Kwa hiyo maswali ya kwenda nayo ni haya. Eneo hili lilikuwa na nini zamani? Kwa nini kilitoweka, na hiyo sababu imeondoka? Nani analinda usiku? Mingapi iko hai leo, na nani kahesabu? Nani alipoteza kitu ili hiki kiwepo? Hilo la mwisho usiliache kamwe, angalia sehemu ya mambo magumu.

Nikifika eneo nianze na nani?

Serikali ya mtaa au ya kijiji kwanza, mwenyekiti akujue, uandike jina kwenye kitabu cha wageni. Ukiwa pwani ongea na BMU, kile kikundi cha wavuvi cha kusimamia rasilimali, wao ndio wanajua nani anafanya nini ufukweni. Misitu ya hifadhi pamoja na mikoko iko chini ya TFS, wakala wa misitu wa serikali, kwa hiyo kibali chao ni lazima kabla hujaingia na vifaa.

Ila baada ya ofisi, usiondoke na mtu wa ofisi. Mtu akiongea mbele ya kiongozi wake anaongea vingine. Shukuru vizuri, toa shkamoo zako, halafu rudi siku ya pili peke yako.

## Kurekodi

Simu inatosha au ninunue maiki?

Simu inatosha kuanza. Weka hali ya ndege ili isipigwe katikati, sisi tulipoteza mahojiano ya bibi mmoja kwa sababu simu iliita na programu ikasimama yenyewe, na bibi yule hakuweza kurudia vile alivyosema mara ya kwanza. Shika simu karibu na mdomo wa mzungumzaji, kama shibiri moja, pembeni kidogo ili pumzi isiingie. Hiyo tu inabadilisha kila kitu, kwa sababu kosa la wengi ni kusimama mbali.

Ukipata hela nunua maiki ya kubana shatini, halafu baadaye kirekoda. Rekodi kwa WAV, aina ya faili lisilobana sauti, 48 kHz. Ukitumia biti 24 chaneli moja, saa moja ni kama MB 520, kwa hiyo hesabu nafasi ya kadi yako. Sauti icheze karibu na -12 kwenye mita, kile kipimo cha ukubwa wa sauti kwenye skrini, ikigonga sifuri inapasuka na haitengenezeki tena. Na vaa hedifoni muda wote, muda wote kabisa, usiamini mita peke yake.

Upepo unaniharibia kila kitu.

Ndio pwani hiyo. Sponji ile nyeusi haitoshi ufukweni, unahitaji kile kifuniko cha manyoya, na kama huna basi mpe upepo mgongo, kaa nyuma ya ngalawa iliyopandishwa, nyuma ya ukuta, au ingia ndani ya mikoko yenyewe kwa sababu humo upepo unakatika. Msimu wa kusi, kuanzia kama Mei hadi Septemba, rekodi alfajiri kabla upepo haujaamka. Upepo ukishaingia kwenye rekodi hautoki, usidanganywe na programu.

Na kunguru, bodaboda, adhana, jenereta?

Kunguru wa Dar hawa wenye shingo ya kijivu watakuwa kwenye kila rekodi yako, wakubali, ni sauti ya mji. Adhana ikianza simamisha mahojiano, ni heshima na pia huwezi kukata kata katikati yake bila msikilizaji kugundua. Bodaboda subiri ipite, mwambie mtu arudie sentensi. Jenereta ndio adui mkubwa, omba lizimwe dakika ishirini au hama.

Kabla hujaondoka mahali popote rekodi dakika moja nzima bila mtu kuongea. Ukija kuunganisha utaihitajia kuziba mapengo.

Niende mikokoni saa ngapi?

Fuata maji, achana na saa. Muulize mvuvi leo mwezi wa angani una siku ngapi. Mwezi mwandamo na mwezi mpevu ni bamvua, maji yanajaa sana na yanakupwa mbali sana, unaweza kutembea mpaka ndani. Katikati yake ni maji mafu, tofauti ni ndogo. Maji yanachelewa kama dakika 50 kila siku, kwa hiyo ukienda saa mbili leo, kesho hesabu karibu saa tatu. Sisi tunapenda kuingia yanapokupwa na kumaliza kabla hayajageuka, kwa sababu yanaporudi yanapita nyuma yako kwenye mikondo midogo na njia uliyojia inafungwa. Usiende bila mwenyeji.

Watu wakiona maiki wanaanza kuongea Kiswahili cha taarifa ya habari, nifanyeje?

Usianze na "unaitwa nani na unafanya kazi gani". Anza na kilichopo mkononi mwake. "Mama, hiki unachofunga ni nini?" Akianza kueleza kamba yake, mche wake, jembe lake, anarudi kwenye lugha yake. Mwache afanye kazi huku anaongea, sauti ya kazi ndio nusu ya kipindi. Uliza "ilikuwaje" na "ulionaje", ziache zile za ndio na hapana. Akinyamaza na wewe nyamaza. Hesabu mpaka tano kimoyomoyo. Mara nyingi maneno mazito yanakuja baada ya pale.

Na usimsahihishe anapoita kitu jina lake. Mzee akisema bahari imepanda hasira, mwache, mtaalamu atakuja baadaye aeleze usawa wa bahari.

Mtu akikubali halafu akabadili mawazo?

Unafuta. Hakuna mjadala. Tunaomba ridhaa kwa kurekodi mwanzoni, tunamweleza kipindi kitaenda wapi, nani atasikia, na tunamuuliza tena mwishoni baada ya kuwa ameshasema yote, kwa sababu ridhaa ya mwanzo mtu anatoa hajui atasema nini. Toka Mei 2023 sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi inafanya kazi nchini na sauti ya mtu pamoja na jina lake ni taarifa zake. Kabla hatujatoa kipindi tunamrudishia asikilize kipande chake kwa simu. Inachelewesha kazi wiki moja au mbili na tumekubali hivyo.

## Kupanga na kuunganisha

Kipindi kiwe na dakika ngapi?

Dakika 15 mpaka 20. Mfululizo wa kwanza fanya vipindi vitano au sita vya mada moja, mto mmoja, msitu mmoja, usiruke ruke. Tulianza na vipindi kumi na mbili vya mada kumi na mbili na hatukumaliza.

Maneno ya kitaalamu tuyafanyeje? Tabianchi, bayoanuwai, hewa ya ukaa...

Neno moja la kitaalamu kwa kipindi, lielezwe na mtu anayelitumia kwenye maisha yake. Tabianchi tunaielezea kwa mkulima anayesema vuli siku hizi haieleweki. Hewa ya ukaa ni ngumu zaidi, hata sisi ilituchukua muda, tunaanza na tope la mikoko, kwamba majani na mizizi iliyokufa inazikwa mle na haiozi haraka kwa kukosa hewa, kwa hiyo kile ambacho mti ulivuta kinabaki chini miaka mingi, na ukilifukua tope au ukalikausha kinarudi juu.

Mzungumzaji akiongea Kisukuma au Kizaramo?

Mwache aongee. Sauti yake isikike sekunde kadhaa kwanza, halafu tafsiri iingie juu yake ikasomwa na mtu wa umri na jinsia inayofanana. Usimsomee bibi wa miaka sabini kwa sauti ya kijana wa redio.

Muziki je?

Usichukue wimbo wa mtu bila ruhusa, haki za wasanii hapa zinasimamiwa na COSOTA, ofisi ya hakimiliki, na hata sekunde chache ni za mwenyewe. Omba kikundi cha ngoma cha pale pale ulipo wapige, walipe, andika makubaliano. Au acha kabisa. Vipindi vyetu viwili vinavyopendwa zaidi havina muziki wowote.

Programu gani ya kuunganisha?

Audacity, ni ya bure na inafanya kazi hata kwenye kompyuta ya zamani.

## Kuwafikia wasikilizaji

Faili liwe na ukubwa gani ili watu wapakue?

Kwa maongezi toa MP3, faili lililobanwa liwe dogo, ya chaneli moja, kbps 64. Kipindi cha dakika 20 kinakuwa chini kidogo ya MB 10. Ukitoa kwa 128 ni mara mbili na msikilizaji wa simu ya kawaida hasikii tofauti ya maana. Sisi tunatuma pia kwenye magrupu ya WhatsApp ya mitaa husika, na tunakata kipande cha dakika moja na nusu kwa ajili ya wenye bando dogo.

Tunahitaji leseni?

Tanzania ina kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2020 na zilirekebishwa 2022, kwa hiyo posti ya zamani uliyosoma mahali inaweza kukupotosha. Nenda TCRA, mamlaka ya mawasiliano, Mawasiliano Towers, barabara ya Sam Nujoma, waeleze unachofanya kwa maandishi, upate jibu kwa maandishi. Fanya kabla ya kipindi cha kwanza. Kama kipindi kitarushwa redioni, redio ina leseni yake ila bado watakuuliza ridhaa za wazungumzaji.

Na redio, wanakubali?

Redio jamii wanakubali sana kama unawapa kitu kilichokamilika, chenye urefu uliolingana na nafasi yao, na kinachohusu eneo lao. Peleka kipindi cha Rufiji kwa redio inayosikika Rufiji. Halafu omba wafungue simu baada ya kipindi, watu watapiga na hapo ndipo utapata mada ya kipindi kinachofuata.

## Mambo magumu

Tunawahoji vipi wanaokata mikoko au wanaochoma mkaa bila kuwaingiza matatani?

Kukata mikoko bila kibali ni kosa, na kipindi chako kinaweza kuwa ushahidi. Kwa hiyo usirekodi jina, usitaje sehemu, badilisha sauti kama ameomba, na ukishaunganisha futa faili la mwanzo. Ila usiwaache nje ya hadithi. Mchoma mkaa anajua bei ya gunia, anajua nani ananunua, na wanunuzi ni sisi wa mjini. Ukimweka yeye kama mhalifu wa kipindi umemdanganya msikilizaji kuhusu chanzo cha tatizo.

Suluhisho likiwaumiza watu, bado tunaliita suluhisho?

Unalieleza lote. Kondoa ni mfano wa kusoma. Ardhi ilikuwa imemomonyoka vibaya, mwaka 1973 ukaanzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, na 1979 mifugo yote ikatolewa kwenye eneo lililoharibika. Uoto ulirudi, hilo halina ubishi. Lakini kulikuwa na wafugaji walioondoka na ng'ombe wao, na ukiwaacha nje umesimulia nusu. Hapa Dar ni vile vile na mabonde. Bonde la mto likipewa nafasi, kuna familia zinahama, na kuna swali la wanahamia wapi, wanalipwa nini, watoto wanasoma wapi. Sisi hatutoi kipindi cha bonde bila kuwa na mtu aliyehama.

Mradi fulani unataka kutulipa tufanye kipindi kuwahusu, tukubali?

Tumekubali mara moja na kukataa mara nyingi. Masharti yetu ni matatu: tunasema mwanzoni mwa kipindi nani kalipa, hawasikilizi kabla hakijatoka isipokuwa kurekebisha takwimu, na tunarudi baada ya masika mbili kama kawaida. Wengi wanaondoka kwenye sharti la tatu.

Tuwalipe wazungumzaji?

Hatulipi maneno. Tunalipa muda uliopotea wa kazi, nauli, chakula, na mwenyeji anayetuongoza mikokoni analipwa siku nzima kama mfanyakazi mwingine yeyote. Na tunasema wazi kabla, ili mtu asije akaongea anachodhani tunataka kusikia.

Tukirudi tukakuta kila kitu kimekufa, kipindi kimeisha?

Hapo ndio kinaanza. Yule mzee niliyemtaja kwenye jibu la kuhusu kupanda, tulirudi tukarekodi naye kipindi kizima akitembea pale kwenye vijiti vikavu, akieleza wapi pangefaa na kwa nini. Vijana wale wale waliopanda wakasikiliza wakamfuata. Mwaka uliofuata walifungua mkondo mdogo wa maji uliokuwa umezibwa na kifusi, hawakupanda chochote. Tumeenda mara mbili tangu hapo. Michu imeota, mifupi bado, kama usawa wa goti, na tunasubiri masika nyingine kabla hatujasema lolote hewani.

Naweza kuwatumia nilichorekodi mkasikilize?

Tuma, tunasikiliza vyote. Dakika tano tu, bila kuunganisha wala kusafisha, na uandike umerekodi wapi, tarehe ngapi, na maji yalikuwa yanajaa au yanakupwa.